Seli za Ini Zimeota, Lakini Je, Bado ni Ini?

Aprili 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza mpango wa kupunguza hatua kwa hatua majaribio ya dawa kwa wanyama, ikianza na kingamwili za monokloni, yaani dawa za protini zinazolenga shabaha moja mwilini, na kuzipa uzito zaidi hesabu za kompyuta pamoja na seli za binadamu zinazooteshwa maabara. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kampuni ya LyGenesis ilikuwa imetangaza mgonjwa wake wa kwanza aliyedungwa seli za ini kwenye tezi ya limfu, kwa matumaini kwamba zitashika humo na kuwa ini dogo la ziada. Habari hizi mbili zimekuwa zikisimuliwa kana kwamba ni moja: wataalamu wameshajua kuotesha ini, sasa ni kusubiri tu. Panya wa maabara wafunguliwe, foleni za wanaongoja kupandikizwa ini zivunjwe. Nadhani usomaji huo umeteleza mahali pamoja, na mahali penyewe ndipo penye uzito wote. Kuishawishi seli ya ini igawanyike kwenye sahani kumewezekana tangu miaka mingi iliyopita. Kinachosumbua ni kwamba seli ikishakubali kugawanyika huanza kusahau kazi yake, na kiasi inachosahau huamuliwa kwa sehemu kubwa na kile inachonyweshwa, yaani vichochezi vya ukuaji na homoni. Anayesoma tangazo la ini la maabara bila kuuliza lilinyweshwa nini, amesoma nusu ya tangazo.

Kutoelewana huku kumeletwa na sifa njema ya ini lenyewe. Mwaka 1931, Higgins na Anderson walieleza upasuaji ambao hadi leo hutumika kufundishia: ukimkata panya theluthi mbili za ini lake, sehemu iliyobaki hujaa na kurudia uzito wa awali kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi hivi. Vipande vilivyokatwa havichipui upya. Vilivyoachwa ndivyo vinavyonenepa. La kushangaza zaidi ni nani anayeifanya kazi hiyo. Kwenye ngozi au utumbo, ujenzi huachiwa seli shina zilizowekwa akiba. Kwenye ini ni watumishi walewale wa kila siku, wanaotengeneza albumini, wanaogeuza amonia kuwa urea, wanaotoa nyongo na kuvunja sumu, ndio wanaoinuka, wanagawanyika mara moja au mbili, kisha wanarudi kazini. Na muda wote huo panya anaishi, sukari yake ya damu inalindwa, damu yake inaganda inavyopaswa. Mtu akiyaona hayo, ni haki yake kudhani kwamba seli ya namna hii ukiipa sahani, joto la nyuzi 37 na chakula, itaijaza sahani kwa hiari yake.

Haiijazi. Njia ya kuzipata seli zenyewe ilikaa sawa mwaka 1969, Berry na Friend walipochapisha mbinu ya kupitisha kimeng'enya cha kolajenesi ndani ya mishipa ya ini, na inafaa kuitazama kwa karibu maana huko ndiko matatizo yanakoanzia. Katika mbinu hiyo kama inavyofanywa siku hizi, kimiminika vuguvugu kisicho na kalisiamu husukumwa kwa pampu kupitia mshipa unaoleta damu ya utumbo kwenye ini. Kwa dakika chache damu husombwa, na ini lililokuwa na rangi ya damu ya mzee huwa la kahawia hafifu. Bila kalisiamu, vifungo vya seli na seli hulegea. Kolajenesi hufuata, ikiyeyusha nyuzi zinazoshikilia kiungo kizima, mpaka ini linabonyea kama mfuko wa maji. Ukipasua utando wake na kuutikisa, seli hutoka kama wingu la vumbi. Huzungushwa kwenye mashinepewa kwa kasi ndogo tu, kwa kuwa seli za ini ni nzito na hutangulia kuzama, kisha huhesabiwa na kumwagwa kwenye sahani iliyopakwa kolajeni.

Niliwahi kukaa mbele ya hadubini nikizitazama sahani za aina hii siku baada ya siku, na tofauti ya siku ya kwanza na ya tano haihitaji jicho la bingwa. Siku ya kwanza seli zimepangana kama vigae, kila moja na pembe zake, nyingi zikiwa na viini viwili, na katikati yao inang'aa mistari myembamba ambayo ndiyo mifereji ya nyongo. Siku ya tano vigae vimetandazika. Mistari imekatika. Seli zimejivuta na kuchongoka, zikaanza kufanana na seli za kovu. Hazijafa, ukizipima uhai zinafaulu. Lakini vimeng'enya vya kundi la saitokromu P450, ambavyo huvunja sehemu kubwa ya dawa tunazomeza, huwa vimeanza kuporomoka ndani ya siku moja hadi tatu za mwanzo. Kile hasa mtengenezaji wa dawa alichokifuata kwenye seli hizo ndicho kinachotangulia kuondoka.

Maelezo yanayokubalika ni kwamba kule kung'olewa kwenyewe ni jeraha. Seli imepoteza majirani, nyuzi za kujishikiza, mtiririko wa damu, na homoni zilizokuwa zikiifikia usiku na mchana kutoka kongosho na tezi zilizo juu ya figo. Inajiona iko kidondani, na inaitikia hivyo. Dawa ya mwanzo ilikuwa kuirudishia baadhi ya ilivyovizoea. Insulini huiambia seli ipokee virutubisho, ijenge protini, isijiue. Deksamethasoni, ndugu wa kiwandani wa kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, hufanya kazi ya ajabu zaidi: hutuliza miito ya dharura ya jeraha, husaidia mifereji ya nyongo ijiunde tena, na huziacha wazi jeni za ini ambazo bila yake zingefungwa. Glukagoni huongezwa pale seli inapotakiwa kutengeneza sukari. Transferini ya kubeba madini ya chuma na seleniamu ya kukinga dhidi ya ukali wa oksijeni ni nyongeza za kawaida. Sahani iliyopewa mchanganyiko huu na ile iliyonyimwa hutofautiana wazi baada ya siku chache. Hata hivyo homoni hizi peke yake haziongezi seli kwa kiwango cha kutajika. Ni watunzaji. Zinachelewesha msahaulifu asisahau haraka.

Kichochezi cha kuongeza seli kilikuja kwa njia nyingine, kwa kuvizia damu. Mwaka 1967 Moolten na Bucher waliunganisha mzunguko wa damu wa panya wawili, mmoja akiwa amekatwa ini, wakaona ini la yule mzima nalo linaanza kutengeneza DNA kana kwamba limekatwa. Kulikuwa na kitu kinachosafiri. Mwaka 1984 kundi la Toshikazu Nakamura nchini Japani lilieleza kichochezi kilichotolewa kwenye seramu ya panya waliokatwa ini, na mwaka 1989 jeni yake ikasomwa. Ndicho kinachojulikana kwa herufi HGF. Mwenzake, EGF, ulishafika mapema kupitia mlango usiotarajiwa: Stanley Cohen aliufikia kwenye tezi za mate za panya, baada ya kuona vitoto vya panya waliodungwa wakifumbua macho kabla ya siku zao, na kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. Ukiweka HGF na EGF pamoja kwenye kimiminika kisicho na seramu, seli za ini la panya zinagawanyika mara nyingi. Mwaka 1996 kundi la George Michalopoulos wa Pittsburgh lilionyesha hivyo bila ubishi. Lakini lilionyesha na jambo la pili, ambalo wasimulizi wengi huliruka: seli hizo zilipokuwa zikiongezeka zilivua sura yake ya ini, zikabeba na alama za seli za mirija ya nyongo. Zilipokuja kufunikwa kwa utepetepe wa protini unaofanana na ule zilioukulia mwilini, zikajirudi.

Wahenga walisema mshika mawili, moja humponyoka, na sijaona fani ambako usemi huo unapimika kwa takwimu kama hii. Ndani ya kiini cha seli ya ini kuna protini inayoitwa HNF4α, swichi kuu inayowasha jeni nyingi zinazoifanya seli iwe ya ini. Protini hiyohiyo huzuia mgawanyiko. Ishara za EGF na wenzake, zikishapita kwenye njia zao za ndani, huipunguzia nguvu. Kwa hiyo kichochezi cha ukuaji na deksamethasoni wanaishi kwenye sahani moja kama wake wenza: kila mmoja anamvuta mwenye nyumba kwake, na amani inayopatikana ni ya mizani. Ongeza huku, unapoteza kule. Mapishi mapya ya muongo uliopita hayakuifuta mizani hiyo. Yameijua vizuri zaidi. Mwaka 2017 kundi moja la Japani lilitumia molekuli tatu ndogo kuzigeuza seli za ini la panya ziwe changa, zenye uwezo wa kugawanyika na kushika njia mbili, ya seli ya ini au ya seli ya mirija ya nyongo. Mwaka 2018 kundi la Hui Lijian wa Shanghai liliongeza seli za ini la binadamu hadi mara 10,000, na seli hizo zilipokuwa zikiongezeka zilikuwa za sura mbili, nusu ini, nusu kitu cha kabla ya ini. Mwaka 2019 kundi la Deng Hongkui lilichapisha mchanganyiko wa molekuli tano unaozifanya seli za ini la binadamu zidumishe kazi zake kwa wiki nyingi. Weka mapishi ya 2018 na ya 2019 ubavu kwa ubavu. La kwanza limeundwa kuongeza seli, la pili kuzitunza. Yangekuwa yanapatikana yote kwa kinywaji kimoja, pasingehitajika mapishi mawili.

Kuna tabaka jingine ambalo huzungumzwa mara chache zaidi, nalo ndilo linalonifanya niandike. Kimiminika cha lishe hakikai pembeni kama maji ya samaki. Kinaingia kwenye jibu. Chukua insulini: kipimo kilichozoeleka kwenye sahani ni takriban mikrogramu 10 kwa kila mililita, ilhali mtu aliyefunga usiku kucha ana chini ya nanogramu moja kwa mililita katika damu yake. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara 10,000. Inatetewa kwa sababu seli za ini huimeza na kuivunja insulini kwa kasi, na utetezi huo una chembe ya ukweli, lakini bado seli hiyo imeogeshwa kwenye bahari ambayo hakuna ini la mtu limewahi kuiogelea. Kimiminika kinachopendwa kwa seli za ini, kile cha Williams, kina glukosi ya milimoli 11 hivi kwa lita, kiwango ambacho mtu akipimwa nacho kabla ya kula anaambiwa ana kisukari. Sasa mtu anakuja kuchunguza ini lenye mafuta kwenye sahani hiyo, anaona matone ya mafuta yanajaa ndani ya seli zake, na anaandika kwamba ameunda mfano wa ugonjwa. Huenda ameunda tu mfano wa kimiminika chake. Deksamethasoni nayo ina mkono wake: huchochea kimeng'enya CYP3A4, kimojawapo cha vimeng'enya muhimu kabisa vya kuvunja dawa. Ukipima CYP3A4 kwenye sahani iliyojaa deksamethasoni na kutangaza kwamba seli zako zina afya, umepima kwa sehemu ini, kwa sehemu chupa.

Wanaoshangilia wana hoja nzito, na sitaki kuipunguza. Mwaka 1993, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wagonjwa 15 wa homa ya ini aina ya B walikuwa kwenye jaribio la dawa iitwayo fialuridini. Wanyama walikuwa wameivumilia. Wagonjwa 7 kati yao ini lilishindwa; 5 walifariki, 2 waliokolewa kwa kupandikizwa ini jingine. Baadaye ilieleweka kwamba kwa binadamu kuna kibebaji kinachoipitisha dawa hiyo hadi ndani ya mitokondria, na kwa panya mlango huo haupo pale. Panya wangejaribiwa hadi mwisho wa dunia na wasingesema kitu. Msiba huo ndio hoja ya kwanza ya kila anayetaka seli za binadamu zichukue nafasi ya wanyama, na ni hoja ya haki. Kuna na ushahidi mpya: mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya Emulate walichapisha matokeo ya chipu 870, yaani vibamba vidogo ambamo seli za ini la binadamu hupitishiwa kimiminika, zilizojaribiwa kwa dawa 27, zikabaini asilimia 87 ya dawa zinazojulikana kudhuru ini, na hazikuisingizia hata moja isiyo na hatia. Waliofanya kazi hiyo ndio watengenezaji wa chipu zenyewe, jambo la kukumbukwa, lakini takwimu si za kubeza.

Ila ichunguze tena fialuridini. Sumu yake ilijitokeza kwa wagonjwa kati ya wiki ya tisa na ya kumi na tatu, kwa kuwa huingia kwenye DNA ya mitokondria na kuidhoofisha kidogo kidogo. Sahani ya seli halisi za binadamu ambazo zimeshasahau kazi siku ya tano isingeiona. Ingeipitisha kwa alama nzuri, kama panya walivyofanya, na safari hii ikiwa na muhuri wa ubinadamu unaotuliza mioyo. Kwa hiyo fialuridini haithibitishi kwamba seli ya binadamu inatosha. Inathibitisha kwamba seli ya binadamu inayodumu kazini kwa muda mrefu ndiyo inayotakiwa, na muda huo ndio unaogharimiwa na homoni, nyuzi za kujishikiza na majirani. Kwa kejeli ya mambo, mwaka 2014 watafiti waliigundua sumu ya fialuridini ndani ya wiki mbili kwa kutumia panya waliopandikizwa seli za ini la binadamu. Mnyama alirudi, akiwa chungu cha kuoteshea.

Wanaopinga seli za sahani nao wana rekodi ya kuonyesha. Mashine za nje ya mwili zenye seli za ini zilijaribiwa kwa wagonjwa mahututi: ile iliyotumia seli za nguruwe, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2004 kwa wagonjwa 171, haikuonyesha tofauti ya kutegemeka ya uhai baada ya siku 30 kwa wagonjwa wote kwa ujumla; na ile ya kampuni ya Vital Therapies ilianguka mwaka 2018. Kutoka hapo wengine huruka hadi hitimisho mbili. La kwanza ni kwamba seli za sahani hazitawahi kuwa tiba. Hilo linachanganya vitu: mashine iliyoanguka 2018 ilitumia seli za ukoo wa HepG2, zilizotokana na uvimbe wa saratani ya ini, ambazo hukua upesi bila kuombwa na kwa sababu hiyohiyo hazina sehemu kubwa ya uwezo wa ini la kawaida. Kuanguka kwake, kwa maoni yangu, ni ushahidi wa upande wangu: walichagua zinazoota kwa urahisi, wakapata kuota.

Hitimisho la pili ndilo dhaifu kuliko yote, nalo ni kwamba kuinywesha seli HGF na EGF ni kuifundisha saratani. Linasikika lina maana, hasa ukijua kwamba kipokezi cha HGF, kiitwacho MET, kilitambulika kama jeni ya saratani kabla hakijajulikana kuwa ni kipokezi cha HGF. Lakini kichochezi ni amri, na saratani ni kutosikia amri. Seli ya ini ya kawaida iliyoondolewa EGF husimama. Ukiendelea kuinywesha, mwisho wake kwa kawaida ni kuchoka: hutanuka, huzeeka, huacha kugawanyika, na hilo ndilo linalowakera watafiti wanaotaka seli nyingi. HepG2 haikufundishwa saratani na sahani. Ilitoka mwilini ikiwa nayo. Tahadhari halali ipo, kwamba seli zilizogawanyika mara nyingi hukusanya kasoro kwenye kromosomu na lazima zikaguliwe kabla ya kuingizwa kwa mtu. Hiyo ni kazi ya ukaguzi, haiwezi kugeuzwa hukumu ya jumla.

Hoja ya washangiliaji ninayoiheshimu zaidi ni ile ya mwili wenyewe. Wanasema: ini lililokatwa hugawanyika na kufanya kazi kwa wakati mmoja, basi mizani unayoisema si sheria ya maumbile, ni upungufu wa sahani. Ni kweli, na nisingekuwa na jibu kama isingekuwa hesabu ndogo. Kurudisha theluthi mbili zilizokatwa, seli zilizobaki zinahitaji kugawanyika mara moja au mbili tu. Kuongeza seli mara 10,000 kunahitaji mizunguko zaidi ya 13. Tena mwilini hazigawanyiki zote kwa mpigo. Wimbi huanzia karibu na mahali damu inapoingilia na kusogea ndani, baadhi zikigawanyika huku nyingine zikishika zamu. Na kila moja muda wote imeegemea majirani, imelowa homoni za kiasi chake, na ikishafika mwisho TGF-β, ishara ya kusimamisha mgawanyiko, na wengine huifungia breki. Sahani inaombwa kile ambacho ini lenyewe halijawahi kuombwa. Ukisema basi tuige mwili, nitakubali mara moja, lakini kuiga mwili maana yake ni kukubali ongezeko dogo, na ongezeko dogo haliuzi vichwa vya habari.

Kwa upande wa tiba hesabu ni kali zaidi. Mwaka 1998 ilichapishwa habari ya msichana wa miaka 10 mwenye ugonjwa wa Crigler-Najjar, ambaye ini lake halikuweza kushughulikia bilirubini, taka ya njano inayotokana na chembe za damu zilizochakaa. Aliingiziwa seli za ini bilioni 7.5 kutoka ini la mchangiaji, na bilirubini ikashuka kwa takriban nusu. Bilioni 7.5 ni kama asilimia 5 tu ya ini. Sahani ya kawaida ya sentimita 10 hubeba seli milioni 7 au 8 zikiwa zimetandazwa vizuri. Kwa hiyo ni sahani 1,000 kwa mtoto mmoja, kila moja ikibadilishiwa kimiminika chenye vichochezi ghali siku baada ya siku. Ndiyo maana njia ya LyGenesis inavutia, na ndiyo maana pia imesomwa vibaya. Seli wanazozidunga hutenganishwa na ini lililochangwa ambalo halikufaa kupandikizwa. Haziongezwi kwenye sahani. Chombo cha kuoteshea ni mwili wa mgonjwa, na kichochezi kinatarajiwa kutoka kwenye damu yake mwenyewe, kwa kuwa ini linaloshindwa hupiga kelele za HGF. Ni dau la busara. Lakini ni dau la kuikwepa sahani, na kulihesabu kama ushindi wa sahani ni kumvisha mtu taji la jirani yake.

Nikiyaweka haya pamoja, naona FDA imefanya jambo sahihi kwa kufungua mlango, na hatari iko kwenye kile kitakachopitishwa mlangoni. Kwa mnyama, tulikuwa na udhaifu tunaoufahamu: panya ni panya, na kila mtu chumbani anajua. Kwa seli zilizooteshwa, udhaifu umefichwa ndani ya chupa. Kimiminika kingi cha kibiashara cha seli za ini huuzwa bila mchanganyiko wake kuwekwa wazi, kwa kuwa ni siri ya biashara. Maabara mbili zinaweza kutumia seli za mchangiaji yuleyule, moja ikaona dawa ni salama na nyingine ikaona inadhuru, na tofauti ikawa ni deksamethasoni kidogo na sukari zaidi. Mamlaka inayopokea majaribio kama hayo badala ya yale ya wanyama ina kila sababu ya kudai mchanganyiko kamili, na kudai kwamba kazi ya seli ilinganishwe, seli kwa seli, na za siku ya kutoka mwilini. Siku hizi ulinganisho mara nyingi hufanywa na HepG2, jambo ambalo ni sawa na kumpima mkimbiaji kwa kumshindanisha na aliyelala. Na idadi ya wachangiaji iwe wazi. Uwezo wa CYP2D6, kimeng'enya kingine cha kuvunja dawa, hutofautiana kwa kurithi kutoka kwa mtu hadi mtu, wengine hawana kabisa, wengine wanao mara mbili, na seli zilizoongezwa mara 10,000 kutoka kwa mtu mmoja bado ni mtu mmoja, ila mara 10,000.

Kwa watafiti, nadhani njia yenye matumaini ni ya zamu mbili: kwanza HGF na EGF kwa siku chache, kisha kuviondoa, kupandisha homoni za utunzaji katika viwango vinavyokaribia vya mwilini, na kuzifunika seli au kuzikusanya ziwe bonge, zipate majirani. Pittsburgh ilishaonyesha mwaka 1996 kwamba seli huweza kujirudi. Kisichojibiwa bado kwa uzito unaostahili ni zinajirudi kwa kiasi gani baada ya mizunguko mitatu, baada ya sita, baada ya kumi na tatu, na ni kazi zipi hazirudi tena. Albumini hurudi mapema, nayo ndiyo inayopendwa kuonyeshwa kwenye picha. Vimeng'enya vya kuvunja dawa ni vizito kurudi.

Kwa hiyo tangazo lijalo likija, nitaanza kulisoma kutoka ukurasa wa mbinu. Nitatafuta kipimo cha insulini, siku ambayo EGF iliondolewa, na kama CYP3A4 ilipimwa baada ya deksamethasoni kupunguzwa. Nikikuta kwenye mstari huo jina la chupa tu na namba yake ya kuagizia, nitakuwa nimeshajua ni kiasi gani cha kuamini kilichoandikwa juu yake.